Programu dhibiti ya televisheni janja

Programu dhibiti ya televisheni janja (mafundi wengi wa Tanzania huiita *softwea ya TV*) ni programu inayokaa ndani ya bodi kuu ya televisheni. Ndiyo inayoiwasha, kuendesha kioo, kupokea chaneli na kubeba mfumo wa uendeshaji kama vile Android, webOS au Tizen. Mara nyingi watengenezaji huisambaza kama faili moja, ambalo huwekwa kwenye flashi na kuchomekwa kwenye mlango wa USB wa televisheni.

*Kufungua* faili hilo ni kuligawa katika vipande vilivyomo ili visomwe kwenye kompyuta. *Kulibadilisha* ni kuhariri kipande kimoja au zaidi, kisha kulifunga upya kwa namna ambayo televisheni italikubali. Kazi hii hufanywa kwa sababu mbalimbali: kufufua televisheni iliyoganda kwenye logo, kulinganisha bodi mpya na kioo cha zamani, kuongeza lugha, au kuondoa programu zinazojaza nafasi. Ikikosewa, televisheni nzima inaweza isiwake tena. Katika maeneo yaliyo mbali na maduka ya vipuri, kama wilaya za Nachingwea na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, hasara hiyo ni kubwa kuliko mjini.

## Mahali inapohifadhiwa

Televisheni bapa za kawaida, zisizo na intaneti, huweka programu yake katika chipu ndogo ya miguu minane iliyo kwenye bodi kuu. Chipu zinazoonekana sana zina maandishi 25Q32 au 25Q64. Namba hizo huwapotosha wanaoanza, kwa kuwa 32 na 64 ni megabiti na si megabaiti. Chipu ya 25Q32 hubeba megabaiti 4, na ya 25Q64 hubeba megabaiti 8. Faili kubwa kuliko hapo halikutengenezwa kwa ajili ya chipu hiyo.

Televisheni janja huhitaji nafasi kubwa zaidi, hivyo hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, mara nyingi ya gigabaiti 4 au 8. Hifadhi hiyo hugawanywa katika sehemu kadhaa, kila moja ikiwa na kazi yake. Kichakato kikuu hutoka kwa kampuni chache kama MediaTek, MStar (kampuni ya Taiwan iliyounganishwa na MediaTek), Amlogic, Realtek na HiSilicon.

Jina lililoandikwa kwenye fremu ya televisheni halitoshi kutambua programu yake. Mtengenezaji mmoja anaweza kuuza televisheni za modeli ileile zenye bodi mbili tofauti na vioo vitatu tofauti. Kinachotambulisha programu sahihi ni namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe pamoja na namba ya kibandiko kilicho nyuma ya kioo. Makosa mengi ya kuweka programu isiyo yake huanzia hapa, kabla faili lolote halijafunguliwa.

## Faili lina nini ndani

Muundo wa faili hutegemea kichakato. Faili la bodi za MStar, ambalo mara nyingi huitwa *MstarUpgrade.bin*, ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu mwanzo wake husomeka kwa macho. Kilobaiti 16 za kwanza ni maandishi ya kawaida. Ni orodha ya amri ambazo programu ya kianzishi, yaani ile inayotangulia kuamka televisheni inapowashwa, itazitekeleza moja baada ya nyingine. Amri moja husema kipande fulani kipakiwe kutoka sehemu fulani ya faili, na nyingine husema kipande hicho kiandikwe katika sehemu fulani ya hifadhi. Nafasi inayobaki hujazwa baiti za FF mpaka kilobaiti 16 zitimie. Baada ya hapo hufuata vipande vyenyewe, na mwishoni kuna alama 12345678 pamoja na namba za ukaguzi za CRC32.

Mtu akilifungua faili hilo kwa programu yoyote ya kusomea maandishi, bila kubadilisha kitu, anaweza kujua mengi: sehemu zitakazofutwa, ukubwa wake, na kama kianzishi chenyewe kitaguswa. Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Faili lisilogusa kianzishi likiharibika katikati ya kazi, kwa kawaida televisheni bado huweza kusoma flashi na kuanza upya. Faili linalofuta kianzishi halitoi nafasi hiyo. Umeme ukikatika wakati kimefutwa na bado hakijaandikwa, televisheni haitaonyesha hata taa ya kupepesa, na dawa yake ni kuandika chipu moja kwa moja kwa kifaa maalumu.

Miongoni mwa sehemu za televisheni ya MStar yenye Android kuna *boot* na *recovery* (kiini cha Linux na mfumo wa dharura), *system* (Android yenyewe) na *tvconfig*, ambayo hubeba mipangilio ya kioo, sauti na kipokezi cha chaneli. Upana na urefu wa kioo kwa nukta huandikwa humo katika faili la maandishi. Zipo pia sehemu ndogo zinazobeba vitu vya televisheni hiyo moja tu: anwani ya MAC, funguo za HDCP za kulinda mawimbi ya HDMI, na funguo za Widevine zinazotumiwa na huduma za filamu. Hizi hazimo katika faili la mtengenezaji, kwa hiyo haziwezi kupakuliwa popote.

## Kufungua

Programu huria ya *binwalk*, iliyoanzishwa na Craig Heffner mwaka 2010, hutumiwa sana kwa hatua ya kwanza. Hupitia faili baiti kwa baiti ikitafuta alama zinazojulikana. Kwa mfano, herufi *hsqs* huonyesha mwanzo wa mfumo wa mafaili wa SquashFS. Kwa bodi za MStar ipo programu ya *mstar-bin-tool*, ambayo hufuata orodha ya amri na kutoa kila kipande kwa jina lake. Televisheni za LG hutumia mafaili ya *epk*, ambayo hufunguliwa kwa *epk2extract*. Kwa Samsung, mradi wa SamyGO ulianza mwaka 2009 na kuchunguza modeli za miaka hiyo.

Kufungua nakala ya faili kwenye kompyuta hakuna hatari kwa televisheni, kwa kuwa hakuna kinachoandikwa kwenye bodi. Kwa mwanafunzi, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Si kila faili hufunguka. Kilichosimbwa kwa fiche huonekana kama baiti zilizochanganywa bila mpangilio. *Binwalk* huweza kupima mchanganyiko huo na kuuchora kwa grafu: mstari ulio bapa na ulio juu kabisa kwa faili zima huashiria kwamba limesimbwa au limebanwa. Bila ufunguo, kazi huishia hapo. Kujaribu kulihariri faili la namna hiyo kwa kukisia ni kuharibu tu.

## Kubadilisha na kufunga upya

Mabadiliko hayalingani kwa hatari. Kubadilisha picha ya logo au kuondoa programu moja kwenye sehemu ya *system* ni jambo dogo. Kubadilisha mipangilio ya kioo ni jambo la kati. Aina ya mawimbi ya LVDS ikikosewa, rangi hugeuka au picha huonekana kama negativu, na idadi ya nukta ikikosewa picha hujirudia au hukatika. Mara nyingi kosa hilo hurekebishika kwa kuandika upya. Kugusa kianzishi, au mpangilio wa sehemu za hifadhi, ni jambo zito.

Kuna mambo matatu yanayofanya faili lililohaririwa likataliwe. La kwanza ni ukubwa. Kipande kikikua hata kwa baiti chache, vipande vinavyofuata husogea, na amri za mwanzo wa faili huanza kusoma mahali pasipo sahihi. La pili ni namba ya CRC32, ambayo lazima ihesabiwe upya. Programu za kufungia hufanya hivyo zenyewe. La tatu ni sahihi ya kidijitali, na hapa wengi hukwama. Mtengenezaji husaini faili kwa ufunguo wa siri alionao yeye peke yake, na televisheni hulihakiki kwa ufunguo wa umma uliomo ndani ya kichakato. Google iliingiza ukaguzi wa *dm-verity* katika Android 4.4 mwaka 2013, na Android 8.0 ya mwaka 2017 ikaja na mfumo mpana zaidi wa kuhakiki mwanzo wa kuwaka. Katika televisheni yenye ukaguzi huo, kubadilisha baiti moja ya *system* kunatosha kuifanya igome kuwaka.

CRC32 na sahihi ya kidijitali huchanganywa mara kwa mara. CRC32 hugundua ajali, kama vile flashi mbovu au upakuaji uliokatika. Haigundui hila, kwa sababu yeyote anayebadilisha faili anaweza kuihesabu upya.

## Nakala ya asili

Kinga kubwa kuliko zote ni nakala kamili ya programu iliyomo kwenye televisheni hiyohiyo, iliyosomwa kabla ya kuandika chochote. Mafundi huiita *dampu*. Faili la mtengenezaji halichukui nafasi yake, kwa kuwa halina anwani ya MAC wala funguo zilizotajwa hapo juu. Dampu ya televisheni nyingine ya aina ileile nayo haitoshi: inaweza kuwasha kifaa, lakini huleta funguo za mwingine, na huenda huduma za filamu zikashusha ubora wa picha au zikakataa kabisa.

Chipu ya miguu minane husomwa kwa kifaa cha bei nafuu kiitwacho CH341A. Kifaa hicho kina kasoro inayofahamika. Bodi yake nyeusi iliyoenea sana hutoa volti 3.3 kwenye mguu wa umeme, lakini njia za data hubaki na volti 5. Chipu nyingi huvumilia kwa muda mfupi, nyingine hazivumilii. Zipo pia chipu za volti 1.8, kama W25Q64FW, ambazo huhitaji adapta na huweza kuungua zikisomwa bila hiyo. Herufi za mwisho za jina la chipu, ambazo wengi huziruka, ndizo zinazotofautisha.

Chipu husomwa angalau mara mbili, na mafaili yanayopatikana hulinganishwa kwa alama ya SHA-256. Zikitofautiana, klipu haijakaa vizuri au kichakato cha bodi kimeamka na kuingilia usomaji, hivyo chipu hubidi itolewe kwenye bodi. Dampu iliyojaa FF tupu au 00 tupu si dampu. Kugundua hilo baada ya kufuta chipu ni kuchelewa.

Hifadhi ya eMMC ni ngumu zaidi kusoma kwa kuwa miguu yake iko chini ya chipu. Baadhi ya vianzishi vya MStar vina amri ya kunakili hifadhi nzima kwenye flashi. Vinginevyo huhitajika kulehemu nyaya nyembamba kwenye njia zake za data.

## Umeme

Umeme una hatari mbili tofauti. Ya kwanza ni kwa mtu. Katika nchi yenye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya pawa saplai ya televisheni huchajiwa hadi zaidi ya volti 300, na hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Taa za nyuma ya kioo nazo huweza kuendeshwa kwa zaidi ya volti 100. Kwa sababu hiyo bodi kuu hutolewa na kusomewa mezani, mbali na pawa saplai, kila inapowezekana.

Ya pili ni kwa faili. Kuandika programu kwa flashi huchukua dakika chache tu, lakini dakika hizo hazitakiwi kukatizwa. Televisheni ya inchi 32 hutumia umeme kidogo, hivyo inveta ndogo yenye betri ya sola, ambayo kaya na maduka mengi ya vijijini tayari yanayo, inatosha kuibeba mpaka kazi iishe. Android 7.0 ya mwaka 2016 iliruhusu mfumo wa nakala mbili, ambapo programu mpya huandikwa pembeni huku ya zamani ikibaki, lakini televisheni nyingi za bei nafuu hazina nafasi ya kutosha kwa mpango huo.

## Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani za bara katika Mkoa wa Lindi. Zamani Nachingwea ilifikiwa kwa reli kutoka bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947. Mradi ulishindwa na reli ikang'olewa, kwa hiyo leo kila bodi na kila kioo hufika kwa barabara. Kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, ambako vipuri vingi huuzwa, ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mwezi Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika upande wa Kilwa. Katika hali kama hiyo, bodi mbadala haipatikani kwa bei yoyote, na dampu iliyohifadhiwa huwa ndiyo kipuri pekee kilichopo.

Upande wa umeme, Mtwara na sehemu kubwa ya Lindi zilitegemea kwa miaka mingi mtambo wa Mtwara unaotumia gesi ya Mnazi Bay, bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Wilaya za bara hupata umeme kupitia laini ndefu za usambazaji. Laini ndefu huathirika kwa urahisi na miti, radi na kushuka kwa volti, na volti inayopanda na kushuka huharibu pawa saplai na pia huweza kuvuruga hifadhi ya programu. Televisheni iliyoganda kwenye logo baada ya umeme kurudi inaweza kuwa na ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili. Kupima volti za pawa saplai kwanza huokoa kazi ya bure, kwa kuwa programu mpya haiponyi kapasita iliyovimba.

Wilaya hizi hutegemea kilimo, hasa korosho, ufuta na mbaazi, na fedha nyingi huingia kwa msimu. Minada ya korosho huanza karibu na Oktoba. Televisheni iliyonunuliwa wakati huo ikifa mwezi Machi, mwenye nayo anaweza kusubiri mpaka msimu mwingine kabla ya kumudu nyingine. Kwa mwenye kibanda umiza hasara ni ya papo hapo. Ruangwa ni nyumbani kwa Namungo FC, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/2020 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu uliofuata, na mechi za ligi huonyeshwa na Azam TV. Kibanda kisicho na picha siku ya mechi ya Namungo, au ya Simba na Yanga, hakina wateja.

Katika mazingira haya bodi za jumla, kama zile za familia ya V56 na V59, zina nafasi yake. Bodi hizo hutengenezwa China ili ziweze kufungwa kwenye vioo vya televisheni nyingi tofauti, na programu huchaguliwa kulingana na kioo, kwa mfano cha nukta 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Fundi huhifadhi mafaili ya vioo vingi kwenye flashi moja. Kero ya kawaida baada ya kubadilisha ni rimoti kukataa, kwa sababu kila faili hubeba jedwali lake la rimoti. Hilo si kosa la bodi, na faili lingine la kioo kilekile lenye jedwali tofauti kwa kawaida humaliza tatizo.

## Mafaili yasiyojulikana chanzo

Programu dhibiti huwa na mamlaka yote juu ya kifaa, kwa hiyo faili lililochezewa huwa hatari kwa nyumba nzima. Mwezi Septemba 2024 kampuni ya usalama ya Doctor Web iliripoti programu hasidi iitwayo Vo1d katika visanduku vya Android TV vipatavyo milioni 1.3. Mwezi Juni 2025 shirika la FBI la Marekani lilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya bei nafuu vya nyumbani vilivyoambukizwa kabla ya kununuliwa au wakati wa kuviandaa kwa matumizi. Google ilisema vifaa hivyo vilizidi milioni 10. Vifaa vya namna hiyo hutumiwa na wahalifu kupitisha shughuli zao kwa jina la intaneti ya mwenye nyumba, ambaye huona tu kwamba bando linaisha haraka.

Dalili za kutilia shaka ni faili linalotaka ulinzi wa Google Play uzimwe, linalokuja na duka la programu lisilojulikana, au linaloahidi chaneli za kulipia bure. Alama ya SHA-256 husaidia pale tu mtengenezaji mwenyewe anapoitangaza. Ikitoka kwa yuleyule aliyetoa faili, haithibitishi chochote.

## Sheria

Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Vifaa vya mawasiliano husimamiwa na TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kurekebisha televisheni ya mteja kwa ruhusa yake ni jambo moja. Kuchezea dekoda ili kupata chaneli za kulipia bila malipo ni jingine kabisa. Kubadilisha programu kunaweza pia kufuta udhamini wa mtengenezaji. Dampu ya mteja nayo huweza kuwa na nywila za Wi-Fi na akaunti zake, hivyo haifai kugawiwa kwa mafundi wengine kabla sehemu ya data za mtumiaji haijaondolewa.

Nchini Marekani, mwaka 2015 Maktaba ya Bunge iliruhusu wamiliki kuvuka vizuizi vya programu kwenye televisheni zao ili kuendesha programu halali, na ruhusa hiyo imehuishwa baadaye. Upo pia mvutano kuhusu leseni ya GPL, inayosimamia kiini cha Linux kilichomo katika televisheni nyingi janja na kumtaka anayekisambaza atoe msimbo chanzo wake. Mwezi Oktoba 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki kampuni ya Vizio huko California, likidai kwamba mnunuzi wa kawaida wa televisheni naye ana haki ya kupewa msimbo huo.